Marekani: Shahada ya uuguzi mtandaoni bila kuacha kazi, nani anamaliza na nani anakwama?

Nchini Marekani wauguzi wengi wanasoma shahada kwa njia ya intaneti huku wakiendelea na zamu zao hospitalini na katika nyumba za kutunzia wazee. Miongoni mwao wako Wacongomani waliofika huko kama wakimbizi, wakaanza kwa kuosha na kulisha wagonjwa, kisha wakapanda ngazi moja baada ya nyingine. Mfumo wa kusoma kwa mwendo wako mwenyewe unampunguzia gharama mtu aliyejipanga. Anayengoja kusukumwa, mfumo huohuo unamla pesa na muda.

Suala hili linawagusa Wacongomani moja kwa moja. Katika mwaka wa bajeti wa 2019, RDC ilikuwa nchi ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani: karibu watu 13,000 kati ya 30,000. Wengi walitoka katika kambi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndiyo lugha yao ya kila siku. Walipofika, kazi ya muuguzi msaidizi ilikuwa moja ya milango ya kwanza kufunguka, kwa sababu sheria ya Marekani inadai mafunzo ya saa 75 tu kama kiwango cha chini, ingawa majimbo mengi yanaongeza saa hizo.

Kutoka hapo njia inajulikana. Muuguzi msaidizi anaweza kusoma akawa LPN, yaani muuguzi wa ngazi ya kati. Baadaye anaingia chuo cha miaka miwili, anafanya mtihani wa taifa unaoitwa NCLEX-RN, na akiufaulu anapata leseni ya RN, muuguzi aliyesajiliwa. Ngazi inayofuata ni BSN, shahada ya kwanza ya uuguzi. Kwa msomaji wa Bukavu au Lubumbashi, ni kama mwenye A1 anayerudi shuleni kutafuta A0, ila huyu hakai darasani.

Kwa nini shahada, wakati leseni ipo tayari?

Mwenye diploma ya miaka miwili na mwenye shahada wanafanya mtihani uleule wa NCLEX na wanapata leseni ileile. Kwa hiyo wengi wanajiuliza kwa nini wajitese. Jibu linatoka sehemu tatu.

Ya kwanza ni hospitali zenyewe. Mwaka 2010 taasisi ya kitabibu ya Marekani, Institute of Medicine, ilipendekeza kwamba hadi mwaka 2020 wauguzi 80 kati ya 100 wawe na shahada. Lengo hilo halikufikiwa kwa wakati, lakini hospitali nyingi kubwa zilibadilisha masharti yao ya kuajiri. Zile zinazotaka heshima ya Magnet, alama inayotolewa kwa hospitali zenye uuguzi bora, zinatakiwa wakuu wao wa wauguzi wawe na shahada au zaidi.

Ya pili ni sheria. Jimbo la New York lilipitisha sheria mwezi Desemba 2017 inayowataka wauguzi wapya wapate shahada ndani ya miaka 10 tangu kupewa leseni. Waliokuwa tayari na leseni au tayari shuleni wakati huo hawakuguswa.

Ya tatu ni mgonjwa. Mwaka 2003 mtafiti Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania. Waliona kwamba kila idadi ya wauguzi wenye shahada ilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 5. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba karatasi ya shahada peke yake inaokoa maisha, lakini uliwafanya wakubwa wa hospitali wafikiri upya juu ya nani wanamweka kando ya kitanda.

Mfumo unavyofanya kazi

Chuo kikuu kinachojulikana zaidi katika mtindo huu ni Western Governors University, kwa kifupi WGU, kilichoanzishwa mwaka 1997 na magavana wa majimbo 19. Makao yake yako Utah na hakina nia ya faida. Hakina ratiba ya vipindi. Mwanafunzi analipa karo, au minerval kama tunavyoizoea Congo, kwa kipindi cha miezi sita. Ndani ya miezi hiyo anaweza kumaliza kozi nne au kumi, na bei haibadiliki. Capella University nayo ina mfumo kama huo, lakini inahesabu kwa vipindi vya wiki 12.

Msingi wake ni kwamba chuo hakipimi saa ambazo mtu amekaa kwenye kiti, kinapima kile anachokijua. Muuguzi ambaye kwa miaka minane amekuwa akifundisha wagonjwa wa kisukari namna ya kujidunga insulini hahitaji wiki kumi na tano kusikiliza somo hilo. Anaonyesha kwamba anajua, kisha anasonga mbele. Somo asilolijua, kwa mfano takwimu, anaweza kulipa muda wote linaohitaji.

Kuna njia mbili za kupima. Moja ni mtihani wa kompyuta unaosimamiwa kwa kamera. Nyingine ni kazi ya kuandika: mpango wa kuboresha huduma, uchambuzi wa utafiti, au mradi wa afya ya jamii. Hakuna A wala C. Mtu anafaulu au hajafaulu, na kufaulu huhesabiwa kama B au zaidi. Kila mwanafunzi anapewa mlezi wa masomo anayempigia simu mara kwa mara, na kila kozi ina mwalimu anayeweza kuombwa msaada.

Masomo yenyewe hayarudii namna ya kupima presha au kuweka sindano ya maji, kwa kuwa mwenye RN ameshayajua hayo. Yanahusu uongozi, afya ya jamii, matumizi ya takwimu za hospitali, na namna ya kusoma utafiti ili kujua kama unaaminika. Kwa aliyezoea kazi ya mikono, sehemu hii ya kusoma na kuandika ndiyo inayomtoa jasho.

Hesabu ya wiki 26

Wanaokwama katika mfumo huu kwa kawaida si wale wasio na akili ya masomo. Ni wale ambao hawakupiga hesabu. Miezi sita ni wiki 26. WGU inamtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza afaulu angalau uniti 12 katika kipindi hicho. Kwa kozi za uniti tatu, hizo ni kozi nne, karibu wiki sita na nusu kwa kila moja. Huo ndio mwendo wa chini kabisa. Tuseme mtu ana kozi kumi zilizobaki: kwa mwendo huo atatumia vipindi vitatu, yaani mwaka mmoja na nusu, na atalipa mara tatu. Akimaliza kozi moja kila wiki tano, atalipa mara mbili. Tofauti ni karo ya miezi sita, na imetokana na wiki moja na nusu tu kwa kila kozi.

Saa zinatoka wapi? Zamu za kawaida hospitalini ni tatu kwa wiki, kila moja saa 12, jumla saa 36. Wiki ina saa 168. Ukiondoa kazi na saa nane za usingizi kila siku, zinabaki 76. Barabara, watoto, chakula, usafi na ibada zinachukua nyingi kati ya hizo. Anayeweza kutenga saa 12 hadi 15 za kweli, zilizoandikwa kwenye kalenda, anaweza kwenda mbele. Anayesema atasoma «nikipata nafasi» hapati nafasi.

Kwa wa zamu ya usiku kuna kanuni moja ambayo mwili wenyewe unaifundisha: siku ya kutoka zamu si siku ya kusoma. Ubongo uliokesha unasoma ukurasa mzima na kubaki mtupu. Siku hiyo ni ya kulala. Masomo mazito yawekwe siku ya pili ya mapumziko, saa ambazo mtu yuko macho kweli, na kazi ndogo kama kupanga marejeo au kutazama video ziachwe kwa saa za uchovu. Muuguzi anayeendesha gari asubuhi akisinzia baada ya kukesha na kusoma anahatarisha maisha yake na ya wengine, na muuguzi mwenye usingizi hukosea dozi. Hakuna kozi inayostahili gharama hiyo.

Kuanza kwa mtihani wa majaribio

Kozi nyingi za mfumo huu zina mtihani wa majaribio usiohesabiwa. Wengi wanauogopa na kuuacha mpaka mwisho, baada ya kusoma kitabu chote. Kinachosaidia zaidi ni kuufanya mwanzoni. Matokeo yanaonyesha sura kwa sura ni wapi mtu yuko vizuri na wapi hajui kitu, naye anasoma pale tu penye pengo. Kwa mtu mwenye saa 12 kwa wiki, hiyo inaweza kuwa tofauti ya wiki mbili na wiki sita.

Kwa kazi za kuandika, siri iko kwenye jedwali la kusahihisha. Chuo kinamwonyesha mwanafunzi mapema vipengele vyote ambavyo msahihishaji atavitafuta. Njia salama ni kuchukua kila kipengele na kukifanya kichwa kidogo cha habari ndani ya kazi, kisha kukijibu palepale. Insha tamu yenye maneno mazuri inarudishwa ikiwa imeacha kipengele kimoja. Insha kavu iliyojibu vyote inapita. Na kazi ikirudishwa, si aibu wala si kufeli: mtu anasoma maelezo, anarekebisha sehemu iliyotajwa bila kuandika upya yote, anatuma tena.

Kwa aliyesoma kwa Kifaransa huko nyumbani, Kiingereza cha shule kinatisha kuliko kinavyostahili. Istilahi za kitabibu zinatoka Kilatini na Kigiriki, hivyo mtu aliyezisoma Goma au Kisangani anazitambua kwa macho. Ugumu uko kwenye sentensi za kawaida na katika kanuni za kutaja vyanzo. Kunakili aya ya mtu bila kumtaja, jambo ambalo shule nyingi zetu zililifumbia macho, kule ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Programu za kompyuta zinalinganisha kila kazi na maandishi mengine. Vivyo hivyo, kuiachia programu ya akili bandia iandike kazi nzima ni kucheza na leseni, kwa sababu udanganyifu shuleni unaweza kumfuata muuguzi hadi kwenye baraza la uuguzi la jimbo.

Siku ya mtihani ina masharti yake. Chumba kiwe kitupu, meza iwe safi, simu iwe mbali, na jina kwenye kitambulisho lilingane na jina lililoandikishwa chuoni. Hili la mwisho linawasumbua Wacongomani wengi ambao majina yao matatu yaligeuzwa mbele nyuma kwenye karatasi za ukimbizi. Linarekebishwa mapema, si dakika kumi kabla ya mtihani. Na mtoto akifungua mlango kumuita mama, msimamizi anaweza kusimamisha mtihani. Afadhali kuomba jirani au mtu wa kanisani akae nao saa mbili.

Familia, michango na simu kutoka nyumbani

Masomo ya mtandaoni hayaonekani. Anayekwenda chuoni na begi, watu wanamwona na kumwachia nafasi. Anayekaa sebuleni mbele ya kompyuta anahesabiwa kuwa yuko tu. Shangazi anaomba apelekwe sokoni, watoto wanagombana, na saa kumi za usiku simu inaita kutoka Uvira: kuna msiba, kuna karo ya mdogo wake, kuna mgonjwa anayehitaji kupelekwa hospitali.

Hakuna ushauri wa masomo unaofaa jumuiya yetu ukiyafumbia macho hayo. Mcongomani hawezi kuiambia familia yake kwamba amefunga mlango kwa miaka miwili. Anachoweza ni kusema mapema na waziwazi: siku fulani na fulani, saa hizi, niko shuleni. Wanaofanikiwa kulinda saa zao mara nyingi huwa wamemshirikisha mwenzi wao tangu siku ya kwanza, hadi kwenye hesabu ya pesa, ili zamu ya ziada inayokataliwa isije ikaonekana uvivu. Michango ya misiba na harusi nayo inaweza kuwekwa kwenye bajeti kama bili nyingine, kwa kiasi kinachojulikana, badala ya kuivamia karo kila mara.

Pesa: nani analipa?

Kabla ya kukopa, mlango wa kwanza wa kugonga ni ofisi ya wafanyakazi ya hospitali. Sheria ya kodi ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipia mfanyakazi masomo bila pesa hizo kukatwa kodi, na kwa miaka mingi kiwango kimekuwa dola 5,250 kwa mwaka. Hospitali nyingi zina mpango huo, lakini wafanyakazi wengi hawauulizi. Swali la kuuliza palepale ni masharti: je, baada ya kumaliza mtu analazimika kubaki muda gani, na akiondoka mapema anarudisha kiasi gani?

Baada ya hapo kuna msaada wa serikali kuu unaoombwa kwa fomu ya FAFSA, ambao raia na wenye kadi ya kijani wanaweza kuuomba, na misaada ya masomo ya vyuo vyenyewe. Mkopo uwe wa mwisho. Katika mfumo wa kulipa kwa kipindi, mtu aliyekopa kipindi kimoja na kukitumia bila kufaulu kozi anabaki na deni, bila alama yoyote ya kuonyesha, na anaweza pia kupoteza haki ya msaada kwa sababu hakutimiza kiwango cha maendeleo.

Hatari ya njia ya mkato

Hapa ndipo pana hatari kubwa zaidi kwa wageni. Mwezi Januari 2023, serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 katika operesheni iliyoitwa Nightingale. Vyuo vitatu vya kusini mwa Florida vilihusishwa na uuzaji wa diploma bandia za uuguzi zaidi ya 7,600. Walionunua walizitumia kuingia kwenye mtihani wa leseni, na baadhi waliufaulu na kuajiriwa. Mabaraza ya uuguzi ya majimbo mbalimbali yakaanza kufuta leseni.

Kwa hiyo atakayesikia kwamba kuna chuo kinachompa mtu asiye na leseni yoyote diploma ya RN mtandaoni kwa miezi michache, bila kuingia hospitali, akimbie. Shahada ya mwendo wako mwenyewe inayozungumziwa hapa ni ya mtu ambaye tayari ana RN. Masomo ya kumpatia mtu leseni ya kwanza yanahitaji mazoezi kando ya kitanda cha mgonjwa, na kompyuta peke yake haitoshi. Kabla ya kulipa hata dola moja, aangalie kama programu ya uuguzi imeidhinishwa na CCNE au ACEN, mashirika mawili makubwa yanayokagua masomo hayo, na aulize baraza la uuguzi la jimbo lake.

Wenye diploma kutoka Congo nao wana safari yao. Diploma ya ISTM haigeuki leseni ya Marekani yenyewe. Karatasi zinapelekwa kukaguliwa, mara nyingi na shirika lililojulikana kwa miaka mingi kama CGFNS, lililoanzishwa mwaka 1977, kisha unafuata mtihani wa NCLEX, na mara nyingi mtihani wa Kiingereza pia. Karatasi za pointi zinatakiwa zitumwe na shule yenyewe, jambo gumu pale shule ilipochomwa au mji ulipo vitani. Mwenye A2, ambaye masomo yake yalikuwa ya ngazi ya sekondari, anapata ugumu zaidi kuliko mwenye A1. Aliyeko Congo akifikiria kuondoka siku moja afanye jambo moja leo: achukue nakala zilizopigwa muhuri za karatasi zake zote na kuzihifadhi mahali salama, hata kwenye barua pepe yake.

Je, shahada hiyo ina uzito?

Mfumo wenyewe umepigwa vita. Mwaka 2017 mkaguzi mkuu wa wizara ya elimu ya Marekani alisema kozi nyingi za WGU hazikuwa na mawasiliano ya kutosha kati ya mwalimu na mwanafunzi, akapendekeza chuo kirudishe zaidi ya dola milioni 700. Mwezi Januari 2019 wizara ilikataa pendekezo hilo. Mjadala haujafa. Wapo wanaosema muuguzi anajifunza kwa kubishana na wenzake darasani, si kwa kujibu jedwali peke yake sebuleni. Hoja hiyo ina ukweli, na mwanafunzi mwenye busara huiziba kwa kutafuta kikundi cha wenzake wawili watatu, hata kwa WhatsApp, wa kujadiliana nao.

Wazo la muuguzi kusoma bila kuacha wagonjwa wake si la Marekani pekee. Nchini Kenya, shirika la AMREF na baraza la uuguzi la nchi hiyo walianzisha mwaka 2005 masomo ya kompyuta ya kuwapandisha ngazi wauguzi waliokuwa kazini, hadi katika hospitali za mbali, kwa sababu nchi haikuweza kuwaondoa wote kwenye wodi kwenda kukaa darasani. Congo, yenye wauguzi wengi wa A2 wanaobeba vituo vya afya vijijini, ina sababu zilezile za kulitazama jambo hilo, pale umeme na mtandao vitakaporuhusu.

Kwa yule anayetaka kujiandikisha sasa, maswali ni manne, na yajibiwe kwa maandishi kabla ya kutia sahihi: Kozi zangu za zamani, ngapi zitakubaliwa? Zimebaki ngapi, na nitamaliza ngapi kwa kila kipindi? Saa zangu za wiki ni zipi, kwa siku na saa? Na nani nyumbani amekubali kuzilinda pamoja nami? Asiye na jibu la swali la nne asubiri kwanza, azungumze na watu wake.